Kinga Isiyo na Pedali

Hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo mbele ya mtu yeyote wa Kindu, ng'ambo zote mbili za Lualaba, na asiyekubali aje kwenye depo yangu ya chumvi aulize. Nimeona gari-moshi likikaa bila kusogea mpaka majani yakaota ndani ya mabehewa. Nimeona kikombe kimoja cha chumvi kikibadilishwa na kuku mzima, tena kuku wa mayai. Nimeona mtu mwenye diploma ukutani akiomba kipande cha muhogo kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, na mtoto huyo alikuwa mimi. Nilimpa. Shule yangu iliishia darasa la nne, na leo wenye diploma wanakuja kuomba kazi kwangu. Kwa hiyo msomaji asidhani naandika ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu nilishinda, na nataka ijulikane nilishinda nini.

Kabla ya vita nilikuwa mtoto kama wengine, nasimama foleni. Kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli kulikuwa na kinga moja. Kinga, ndivyo tunavyoita baisikeli huku. Ilikuwa ya baba wa mwenzetu mmoja. Jumamosi mchana mzee yule alipolala, sisi watoto tuliitoa taratibu na kila mtu alipata raundi moja kuzunguka nyumba. Miguu yetu haikufika kwenye kiti. Ulipitisha mguu mmoja katikati ya fremu, ukaenda umepinda kama kaa wa mtoni, na ukianguka wote wanacheka, na wewe unacheka. Nilisimama kwenye foleni ile Jumamosi tatu. Wakubwa walinipita mbele. Jumamosi ya nne nilikuwa wa pili, na yule wa kwanza alikuwa ameshashika usukani, mzee akaamka.

Jumamosi ya tano haikuwepo. Risasi zilianza katikati ya juma, mwenye kinga akaondoka na familia yake, na kinga ikaondoka nao. Baba yangu alikuwa Kalima akichimba mawe ya kasiterite, yale yanayotoa bati. Barabara ikafungwa kati yetu na yeye, na hatukumwona tena. Mama alibaki na watoto wanne, mkubwa wao mimi.

Jirani yetu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Hakuwa ndugu yangu wa damu, lakini aliyekutangulia kuzaliwa kisha akakulisha ni yaya wako, kaka mkubwa, basi, na hivyo ndivyo nilivyomwita mpaka kufa kwake. Gari-moshi lilikuwa halitembei, boti hazipandi. Vitu vyote vilivyoingia Kindu au kutoka viliingia na kutoka juu ya kinga, vikisukumwa na watu. Yaya alikuwa mmoja wa hao wasukumaji. Alikuja kwa mama asubuhi moja, akasimama mlangoni.

"Mama, unipe huyu mutoto. Vilima vinanishinda."

"Iko na miaka kumi na mbili tu," mama akasema.

"Njo hiyo miaka nataka. Askari hawatamuchukua, na chakula atakula kidogo."

"Kidogo? Weye haujamuona akikula."

Mama alicheka, halafu akaingia ndani kunifungia nguo. Nilikuwa nimefurahi kupita kiasi. Nilifikiri: sasa nitapanda kinga.

Nilipoiona kinga ya yaya niliizunguka mara mbili. Haikuwa na pedali. Haikuwa na mnyororo. Breki pia hakuna. Usukani ulifungwa fimbo ndefu upande wa kushoto, na nyuma ya kiti ilisimamishwa fimbo nyingine. Msukumaji anatembea kando, mkono mmoja unaongoza kwa fimbo ya mbele, mwingine unasukuma kwa ile ya nyuma. Mzigo unajaa kila mahali: mabidoni sita, yaani madumu, ya mafuta ya mawese, na gunia la mchele juu yake. Kinga ya namna hiyo hakuna binadamu anayeipanda. Pedali zingekupiga kwenye muundi hatua kwa hatua mpaka Kalima, ndiyo maana yaya alizitoa.

Kazi yangu ilikuwa nyuma. Kwenye kupanda nilisukuma kwa mabega. Kwenye kuteremka nilikaza kiatu changu cha tairi juu ya gurudumu la nyuma ili mzigo usitukimbie, na kwa kazi hiyo nilimaliza pea nyingi kuliko watoto wa tajiri. Siku nne au tano kwenda Kalima, ambako ndege ndogo zilishusha chumvi na sabuni na kuondoka na mawe. Siku nyingine nne kurudi. Usiku tulilala kwenye vijiji ambavyo bado vilikuwa na watu. Baada ya mwaka nilipewa fimbo ya mbele, na baada ya miaka miwili nilisukuma kinga yangu peke yangu, mabidoni manne. Sauti ilikuwa haijavunjika bado, ila nilijua kuishusha mbele ya kizuizi, nikasema "mukubwa" kwa namna ambayo askari anasikia heshima na hasikii woga. Wenzangu wa umri ule waliobaki mjini walikuwa bado wanapigwa na mama zao. Mimi mama alikuwa ananiwekea nyama ya kwanza.

Kizuizi kimoja nakikumbuka kuliko vingine. Askari alikuwa amechoka kukaa. Alitaka kucheka.

"Weye kadogo," akaniambia, "shusha hizo bidoni. Panda kinga, nikuone."

Nilisimama. Bidoni sikushusha. Yaya akaja kutoka mbele, amevua kofia.

"Mukubwa, haina pedali. Ataipanda namna gani? Kama mbuzi?"

Askari akainama, akatazama mahali pa pedali, akacheka kweli, akachukua kipande cha sabuni, akatuacha. Tulipofika mbali kidogo, yaya akaniuliza bila kunitazama:

"Lakini kupanda, unajua?"

"Najua. Tangu zamani."

"Sawa," akasema.

Hakuuliza tena. Nilikuwa nimeanza uongo ambao ungekaa na mimi kuliko meno yangu ya nyuma.

Vita vilikwisha. Wengine walitoka mikono mitupu. Mimi nilitoka na kinga mbili, na akili. Nilianza na meza ya chumvi sokoni, halafu butiki, halafu depo. Nina nyumba mbili za matofali ya kuchoma, mabati mapya. Nina pikipiki tatu zinazobeba abiria, na vijana watatu wanaoziendesha. Watu waliona mimi ninakaa nyuma kila siku, wakasema: patroni huyo, anaendeshwa. Hakuna aliyejiuliza.

Na mdomo wangu, sitaficha, haukukaa kimya. Jioni mbele ya depo, wasukumaji wa zamani wakija kunywa chai yangu, nilisimulia. Nilisimulia kilima fulani karibu na Kalima, jinsi siku moja nilishusha mizigo yote, nikapanda kinga tupu, nikateremka na mikono yangu iko hewani. Hadithi hiyo ilipendwa. Kila mwaka kilima kilikuwa kirefu zaidi. Yaya naye alikuwa anakaa pale na kikombe chake, anasikiliza mpaka mwisho, anasema, "Eh, kilima kile, kilikuwa na mawe sana." Sikuwahi kuona kitu usoni kwake.

Ndipo akafariki. Presha, wiki moja tu. Tulimzika siku ileile kama dini yake inavyotaka. Nilinunua sanda, na nilishuka kaburini mwenyewe kumpokea.

Sasa, sisi wasukumaji tuna desturi yetu, tuliyoianza kwa wale wa kwanza waliokufa baada ya vita. Siku ya arobaini, kabla ya dua na chakula, kinga ya marehemu inaoshwa na kutolewa nje. Mtu mmoja anaipanda tupu, bila hata mfuko, kutoka nyumbani kwake mpaka kivukoni, mahali tulipokuwa tunavusha mizigo, halafu anarudi. Tunaita kutua mzigo. Maana yake haihitaji mwalimu: alisukuma maisha yote, leo kinga yake itembee nyepesi. Na anayeipanda ni yule aliyefundishwa kazi na marehemu. Kama hakuna wa kupanda, mzigo haukutuliwa. Tulipata msiba mmoja wa namna hiyo, na mpaka leo familia ile inasemwa.

Prezida wa chama chetu cha wasukumaji alisimama siku ya tatu mbele ya wote.

"Marehemu alifundisha muntu mumoja tu, na muntu yule mumesikia habari zake za kilima. Patroni, utatuonyesha mikono hewani?"

Walicheka. Mimi pia nilicheka, nikajibu kwa sauti kubwa: "Mutaona!"

Usingizi uliondoka kwangu tangu hapo.

Mtu wa biashara kwanza anajaribu kulipa. Nilimpelekea mjane wa yaya mbuzi wawili na gunia la mchele wa Kailo, nikamwambia kwamba mguu wangu unaniuma, kwamba nimepata kijana hodari sana wa kupanda kinga badala yangu. Mjane alitazama mbuzi, akatazama mguu.

"Shemeji, mbuzi tutakula. Lakini kinga utapanda weye."

"Mguu, shemeji."

"Mguu gani? Umeshuka kwenye kaburi mbele yetu sisi wote."

Nilikaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nilikuwa na siku thelathini na moja. Nilifikiria safari ya kwenda Kalima, nirudi siku ya arobaini na moja nikiwa na sababu nzuri. Njia ilikuwa wazi, na mimi sababu sikosi. Lakini niliona pia kinga ya yaya imesimama bila mtu kando ya jiko, na mzigo wake haujatuliwa kwa sababu ya mdomo wangu. Nikasema, polepole, neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

"Shemeji, sijui kupanda kinga. Sijapanda hata siku moja."

Nilingoja apige kelele. Mjane akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge.

"Unafikiri alikuwa hajui? Toka siku ya yule askari alijua. Alikuwa anakuja hapa toka kwenye depo yako, ananiambia, mudogo wangu leo ameteremuka tena kilima." Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kifuko cha chumvi kilichofungwa kwa kamba ya mpira. "Alikuwa anasema, nilimukata yule mutoto kwenye michezo. Vita ikiisha nitarudisha pedali, nimufundishe. Vita ikaisha, weye ukakuwa na ndevu, ukakuwa patroni. Akaona haya kukuambia. Alisema, siku yangu ya arobaini, yeye njo apande."

Nilifungua. Pedali mbili. Miaka yote ile zilikuwa ndani ya mfuko wa chumvi, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka chuma. Moja ilikuwa imeliwa mpaka katikati. Nyingine ilizunguka.

Nimesema hakuna kinachonishangaza. Siku ile tuiache pembeni.

Nilichukua kinga, na nilifanya uamuzi wangu kabla sijafika kwangu. Nitajifunza. Mtu aliyesukuma mabidoni manne akiwa hana hata nywele za kwapani atashindwa na magurudumu mawili matupu? Fundi aliniambia pedali haiuzwi moja, nikanunua pea mpya na mnyororo, lakini nilimlazimisha afunge ile ya yaya upande wa kulia na mpya upande wa kushoto. Alilalamika kwamba hazilingani. Nikamwambia miguu ni yangu.

Kufundishwa, nilifundishwa na mke wangu. Yeye ni binti wa mtu wa reli, wazazi wake walitoka Kasai. Vita vilipoanza baba yake aliwahamishia kwa ndugu, na huko alikua kama watoto wanavyokua, na kinga ya baba yake. Nilipomwambia, aliweka mwiko chini.

"Miaka kumi na sita," akasema. "Miaka kumi na sita nasikia hiyo kilima."

"Utanifundisha, ao utanicheka?"

"Baba watoto, nitafanya yote mbili."

Jumapili, saa watu wako kanisani, tulivuka na mtumbwi kwenda Alunguli, mimi na yeye na kinga. Kule pia wananijua, lakini kuna kiwanja nyuma ya mashamba. Jumapili ya kwanza nilianguka mara ambazo sikuhesabu. Kila mara nilianguka upande wa kushoto. Mke wangu ndiye aliyegundua kwa nini.

"Mwili yako iko inatembea kando ya kinga," akasema. "Iko inatafuta fimbo. Wacha kuisukuma!"

Ilikuwa kweli. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unarudi nyuma ya kiti wenyewe, na mwili ulikuwa unakwenda kushoto, pale ulipotembea miaka minne. Kinga yenye mzigo naijua, inakulalia kama mgonjwa na wewe unaishikilia. Hii tupu ilikuwa haitaki kushikiliwa. Ilinitia woga ambao askari hawakunitia. Nilijua kufanya kila kitu cha mtu mzima kabla ya wakati wake: kudanganya, kunyamaza, kugawa chakula kidogo kwa vinywa vingi. Kuanguka mbele ya mtu na kucheka, hicho sikujua. Nikianguka nilikuwa natazama kwanza kama kuna aliyeona.

"Cheka," mke wangu aliniambia Jumapili ya pili, ameshika kiti kwa nyuma, anahema.

"Nicheke nini? Goti limepasuka."

"Watoto wanacheka. Njo maana wanajua mbio."

Nilidhani anafanya mchezo. Lakini nilipoanguka tena ndani ya muhogo wa watu, nilijaribu, nikatoa sauti moja ya kicheko kibaya kama mbwa anayekohoa, na yeye akakaa chini kwa kucheka, na hapo kicheko changu kikatoka chenyewe. Jumapili ya tatu alikimbia nyuma yangu akisema "nimeshika, nimeshika," na sauti yake ilikuwa mbali. Nilipogeuka kutazama, nilianguka. Lakini kabla ya kugeuka nilikuwa napanda kinga. Ya nne nilizunguka kiwanja chote mara tisa.

Siku ya arobaini walikuja wengi. Kinga ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa, isipokuwa ile pedali ya kulia. Wasukumaji walipanga mistari miwili, prezida akapaza sauti, wanawake wakapiga vigelegele. Nikapanda.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki: kwenda polepole ni kugumu kuliko kwenda mbio. Msafara ulikuwa unatembea kwa heshima, na kinga ikienda kwa heshima ilikuwa inataka kunimwaga. Nilikanyaga. Nikawapita wote.

"Patroni anakimbia matanga!" mmoja akapiga kelele.

"Yaya, musimamishe mutu yako!" mwingine akamwita marehemu.

Walikuwa wanacheka, na mimi niko mbele peke yangu, nateremka kuelekea kivukoni. Pale njia inainama vibaya, na chini ni maji. Kinga haikuwa na breki. Mke wangu alinifundisha vyote isipokuwa mteremko, maana kiwanja cha Alunguli ni tambarare. Ningeweza kuruka chini nikaisukuma; msafara ulikuwa nyuma ya kona, hakuna ambaye angeona, na ningesimulia nilivyotaka. Mguu wangu ulijua zaidi yangu. Ulitoka wenyewe kwenye pedali, ukaenda nyuma, kiatu kikakaza juu ya gurudumu kama nilivyokaza mabidoni ya yaya kwenye kila kilima, na kinga ikapunguza, ikapunguza, nikageuka hatua mbili kutoka majini. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Nataka hilo lijulikane kwenye depo.

Nilirudi nikipanda mlima, nimesimama juu ya pedali, nikawapita tena wakiwa njiani wanakuja. Nyumbani kwa marehemu uwanja ulikuwa umejaa masufuria na wazee kwenye mikeka, na sikuona mahali pa kushukia. Nikazunguka nyumba.

"Shuka!" mke wangu akaniambia nilipopita.

"Nashuka wapi?"

Watu walidhani sijui kusimama, na kwa raundi ile ya kwanza walikuwa na haki. Ya pili nilikuwa nimeshaona nafasi safi kabisa karibu na jiko. Nikaipita. Mjane alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye mdomo, na nilipopita mbele yake nilicheka kwa nguvu, nikiwa na mvi zangu na suruali ya kupigwa pasi, na hakuna mtoto mkubwa aliyekuja kunitoa kwenye foleni. Nilizunguka raundi ya tatu pia. Halafu nikashuka, nikaegemeza kinga ukutani, prezida akasema, "Mzigo umetuliwa," na tukaenda kwenye dua.

Bei za nyumba zangu mbili sizikumbuki tena vizuri, na za pikipiki nazisahau. Hii sitaisahau: pea ya pedali, mnyororo, mpira wa ndani, dawa ya goti, na mtumbwi wa Jumapili nne kwa watu wawili na kinga. Franka elfu thelathini na nane na mia tano.